Mboga yangu ya mitoo imetoa maua na majani yamekuwa machungu, shida ni mbegu ama ni mimi?

Baba Twins (Nakuru)
Wakulima hamjambo. Niko side ya Rongai na huku mvua imetuchezea, mahindi imejikunja lakini mitoo imesimama tu kijani ni kama haijaskia kuna ukame. Mbegu nilinunua soko ya Kibuye, Kisumu, nikienda kuona wazee, mama akanipimia kwa kijiko, nikarudi nikamwaga shambani vile unarushia kuku chakula, ikamea mahali pamoja kama nywele na pengine hakuna kitu. Sai iko kiunoni, maua ya njano kila mahali, majani imekuwa nyembamba na ukipika ni chungu mpaka watoto wanasukuma sahani. Nilikosea wapi?

Nyar Ahero
Pole omera lakini ni wewe 😂 Mitoo ikishatoa maua imeamua mambo ya mbegu, majani haishughulikii tena. Ungeanza kuchuma kama wiki ya nane, unakata ncha unaacha shina kama kiganja kutoka chini, itoe matawi pembeni, urudi wiki ingine ukate tena. Maua ikichungulia unakata pia. Na hio mbegu ni ndogo sana, next time changanya na mchanga mkavu ndio isianguke pamoja, panda kwa mistari ya futi moja hivi na ufunike kidogo tu, ukizika sana haitoki.

Omwami wa Butere
Dada usimlaumu haraka, mitoo ziko mbili. Kuna ile chungu, maua yake ni njano ya kuiva kabisa na maganda membamba, na kuna ile pole, maua imefifia na maganda ni manono. Sisi tunaita miro na wazee wetu ile isiyo chungu hata hawaiangalii. Pika na mrenda na musherekha, ile maji ya jivu ya kienyeji, ilale usiku mmoja, kesho uwape hao watoto.

Jirani wa Kayongo
Hata wakikataa kula usitupe. Hapa Siaya nilipanda kwa kipande kayongo, ile magugu ya kunyonya mizizi ya mahindi, ilikuwa imemaliza mahindi. Mizizi ya mitoo inadanganya mbegu ya kayongo inamea, halafu inakosa hindi ya kunyonya inakufa. Watanzania wanaita marejea na wanailima kama mbolea. Chimba shina moja polepole uone vile vifundo kwa mizizi, pasua kimoja na kucha, kama ndani ni pinki basi inakutilia naitrojeni.

Baba Twins (Nakuru)
Nimetoka shambani sai hivi. Vifundo ziko, pinki. Maua imefifia, maganda nono kama kidole, moja imekauka ukitikisa inalia kama kayamba. Kwa hivyo Omwami hio ni ile pole, na bado nimeifanya chungu 😅 Nyar Ahero umeshinda. Nimekata ncha nusu ya shamba, ingine naachia mbegu, lakini huyo musherekha nitapata wapi huku Rongai?

Omwami wa Butere
Choma maganda makavu ya maharagwe, jivu weka kwa kopo iliyotobolewa chini, mimina maji polepole. Ile inadondoka ndio hio.