Mdogo wangu kazama kwenye madawa Vancouver, mama anataka arudishwe. Naombeni ushauri

Mwanatanga:
Wakuu, habari zenu. Mdogo wangu alienda Kanada kusoma, baadaye akapotea hewani. Binamu yetu kamtafuta mpaka kamkuta Downtown Eastside, mtaa wa East Hastings, kwenye hoteli kuukuu: chumba kina kitanda na sinki tu, choo wanachangia ghorofa nzima. Anavuta fentanili, madawa makali kuliko heroini. Binamu anasema nje watu wamesimama wameinama mpaka kichwa kinakaribia magoti, na ukitembea kidogo tu unakuta maghorofa ya vioo na maduka ya bei mbaya. Mama anataka tuchange nauli arudi haraka, eti nyumbani atatulia. Mdogo wangu mwenyewe akipiga simu anaomba hela ya kodi. Nifanyeje?

Bushiri mkavu:
Mleteni. Afungiwe kijijini, arosto, yale mateso ya kukosa madawa, ikiisha kapona. Majuu kila mtu na lake.

Chausiku wa Burnaby:
Pole sana ndugu yangu. Bushiri, hivyo ndivyo watu wanavyozikwa. Akikaa wiki kadhaa bila kitu mwili unasahau, siku akirudia kipimo chake cha zamani hachomoki.

Kwanza abaki hai. Naloksoni, dawa ya kumzindua aliyezidisha kipimo, ni bure kwenye famasi nyingi huku, hata ndugu wa mtumiaji anapewa. Ila fentanili ya siku hizi huchanganywa na dawa za usingizi za jamii ya Valium, ambazo naloksoni haiziondoi. Mtu anaweza kuanza kupumua na bado asiamke, kwa hiyo 911, namba ya dharura ya huku, ipigwe, na kama hapumui vizuri apuliziwe hewa. Tangu 2017 kuna sheria inayomlinda anayepiga simu asishtakiwe kwa kukutwa na madawa ya kutumia mwenyewe. Na asivute peke yake mlango umefungwa! Wengi wanafia vyumbani humo.

Insite, pale pale Hastings tangu 2003, ni kituo cha wanaojidunga chini ya uangalizi wa manesi, lakini aende tu aulize habari za methadoni, dawa ya kutibu uraibu inayozuia arosto. Kodi mlipeni mwenye nyumba, msimpe yeye mkononi. Halafu, karatasi zake zikoje?

Mama Zai Temeke:
Kaka yangu yuko methadoni Muhimbili, ambako huduma ilianza 2011. Dawa ni bure, anaimeza mbele ya mhudumu, kisha anawahi gereji. Mwanzoni alitoroka, tukamrudisha, siku hizi anaenda mwenyewe. Kwa hiyo kurudi si kosa, ila aanzishiwe dozi huko huko, aje na barua ya daktari inayosema anakunywa kiasi gani, na kliniki ya huku iwe inajua anakuja. Mkimpandisha ndege mikono mitupu, arosto itamshika angani.

Bushiri mkavu:
Hapo kwenye kipimo cha zamani sikupajua. Ila hela mkononi msimpe.

Mwanatanga:
Asanteni. Viza ya shule ilishaisha, akitoka ndo basi tena. Na kumbe sisi wote tunapanga safari, yeye hajaulizwa kama anataka kuja. Nampigia kesho, huko kukipambazuka. Chausiku, nimekuandikia faragha.