Mjadala: Je, barabara ya Rironi hadi Mau Summit ijengwe pamoja na vituo vya kuchaji malori ya umeme?

Mwalimu wa Njoro
Ndugu zangu, barabara yetu hii, inayotoka karibu na Nairobi na kupitia Nakuru, inapanuliwa na tutaitumia kwa kulipia. Kabla lami haijamwagwa, naomba tujadili iwapo mkandarasi alazimishwe kutenga ardhi na kuvuta laini ya umeme mkubwa kwa ajili ya malori ya betri. Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria mwaka 2023 kwamba, kufikia mwisho wa 2030, barabara zake kuu ziwe na vituo vya malori kila kilomita 60. Sisi tuna Olkaria, kwenye mitambo ya umeme wa mvuke wa ardhini, ambako usiku mvuke mwingine huachiliwa hewani kwa kukosa wa kuutumia. Muda wa kuchaji nao si hoja, kwa kuwa madereva wetu hushinda Salgaa, pale malori yanapoegeshwa baada ya Nakuru, hata matangi yakiwa yamejaa dizeli.

Dereva wa Malaba
Mwalimu, nakuheshimu, lakini maneno yako ya mwisho yameniuma. Mtu aliyetoka Mombasa na trela, akapanda kutoka Bonde la Ufa huku macho yakimwuma, hashindi Salgaa. Anajinusuru yeye na wewe utakayekutana naye barabarani. Huko Ulaya unakokutaja, dereva akiendesha saa nne na nusu, sheria humwamuru apumzike dakika 45, na vituo vyao vimepangwa kufuata mapumziko hayo. Hapa nikisimama hata nusu saa, mwenye lori hupiga simu kuuliza kama nimekufa. Anzeni na sheria ya kumpumzisha binadamu, kisha mje na ya betri.

Mkulima wa Molo
Dereva amesema kweli. Nami naongeza kwamba chaja moja ya malori inakula umeme wa mji mzima wa Nakuru, ilhali kwetu taa huzimika mvua ikianza tu, na watu wa stima huja siku ya tatu wakiwa na ngazi moja. Viazi vyangu vinahitaji barabara, havihitaji maonyesho.

Fundi wa Lanet
Mzee wangu wa Molo, nimepanda nguzo usiku wa manane katika mvua hiyohiyo unayoitaja, kwa hiyo uniwie radhi nikijibu kwa uchungu kidogo. Mfumo mpya wa kuchaji malori, uliozinduliwa mwaka 2022, una upeo wa volti 1,250 na ampea 3,000, yaani megawati 3.75. Huo ni umeme mwingi, lakini mtambo wa kwanza wa umeme wa mvuke wa Menengai peke yake ni wa megawati 35. Lori lenye betri ya uniti 600, likipokea megawati moja, hutoka asilimia 20 hadi 80 kwa takriban nusu saa. Umeme upo, kinachokosekana ni laini ya kuufikisha kando ya barabara, pamoja na transfoma yake, kwa maana laini inayolisha kinu cha posho haiwezi kubeba malori manne kwa wakati mmoja. Ndiyo sababu nataka mitaro ya nyaya ichimbwe sasa, badala ya kuja kupasua lami mpya baadaye. Tena, EPRA, mamlaka inayopanga bei za umeme, ilipoweka bei maalumu ya umeme wa magari mwaka 2023, iliiwekea kikomo cha uniti 15,000 kwa mwezi. Gawanya kwa uniti 500 kila lori linapochaji, utapata malori 30 tu mwezi mzima.

Mkulima wa Molo
Ngazi nimeiona kwa macho yangu, mwanangu, ila hesabu yako nimeipokea. Sasa nieleze habari ya uzito, kwa sababu betri hizo ni tani kadhaa, na pale mizani ya Gilgil hakuna anayekusamehe ukipita tani 56 kwa lori la ekseli saba.

Mwalimu wa Njoro
Dereva, nakuomba msamaha; niliandika bila kufikiri. Kuhusu uzito, Ulaya huliongezea lori la betri tani kidogo juu ya kikomo cha kawaida, nasi tunaweza kujadiliana hivyo na majirani wetu wa Afrika Mashariki. Basi kituo kikubwa tukiweke Mau Summit, mwisho wa barabara hii, ili malori yapumue baada ya kupanda?

Dereva wa Malaba
Msamaha nimeupokea, Mwalimu, lakini Mau Summit hapana. Nimeuendesha mteremko wa Sachangwan, unaotoka huko juu kushuka Salgaa, miaka mingi, na nimeona wanaotoa gia ili kuokoa dizeli wakiishia bondeni. Fundi, lori la umeme linashukaje pale?

Fundi wa Lanet
Linashuka vizuri, kaka, kwa kuwa mota hugeuka kuwa jenereta, ikalizuia lori huku ikirudisha umeme kwenye betri. Lakini betri iliyojaa haina mahali pa kuupokea umeme huo, na kazi yote hurudia breki za kawaida. Ukilichajia lori kileleni hadi likajaa kisha ukaliteremsha kuelekea Nakuru, umelinyima kinga yake.

Dereva wa Malaba
Basi chaja ziwe Salgaa, chini ya mteremko. Anayepanda kwenda Malaba ajaze hapo kabla ya mlima, na anayeshuka afike na nafasi kwenye betri.

Mwenye Hoteli, Salgaa
Na kituo hicho kitazungushiwa ukuta, wanangu, au dereva ataweza kuvuka barabara aje kula ugali kwangu lori likichaji?