Mashine ya kufulia: matangi mawili au otomatiki? Nanunua mwezi huu

Baba Nuru
Wakuu, habari za jioni. Mke wangu amejifungua wiki tatu zilizopita, na dada aliyekuwa anatusaidia kufua amerudi kwao Korogwe. Sasa hivi nafua mimi, usiku nikitoka kazini, na vidole vimeanza kuchubuka. Nimeamua kununua mashine. Kariakoo nimeonyeshwa ya matangi mawili (moja la kufulia, jingine la kukamulia), kilo 7, kwa laki nne. Nyingine ni otomatiki ya mlango wa mbele, kilo 7 pia, milioni moja na laki moja. Muuzaji anasisitiza hiyo ya pili. Nichukue ipi?

Fundi Kinondoni
Mkuu, hongera ya mtoto, lakini hapo hujatuambia kitu. Maji yako ni ya bomba la Dawasa au ya kisima? Yana presha? Mashine itakaa bafuni au uani? Umepanga au ni kwako? Jibu hayo kwanza, ndipo tuzungumze. Muuzaji hajui bomba lako likoje.

Bint Pangani
Hongereni sana, Mungu amkuze. Mimi ni wa mkono mpaka kesho. Kola ya shati haitakati kwenye mashine yoyote, lazima uifikiche kwa sabuni ya mche. Tatizo la wengi wetu ni kufua vibaya. Mtu analoweka nguo Ijumaa usiku, anazikumbuka Jumapili, zimeshavunda, halafu anasema sabuni siku hizi hazina nguvu. Nusu saa inatosha. Na kanga mpya ifue peke yake mara mbili tatu za mwanzo, kwa sababu inachuja.

Mkaazi wa Umoja
Huku Nairobi wengi wetu tunaita mama fua. Anakuja Jumamosi, mnapatana bei kabla hajagusa nguo, saa nane kamba zimejaa. Hakuna kuharibika hita wala kununua tokeni za ziada. Na pesa inaingia kwa mama mwenzetu mwenye watoto wa kusomesha. Ndugu, fikiria hilo pia.

Baba Nuru
Asanteni. Nimepanga, Mbezi. Maji ni ya kisima, yana chumvi kidogo. Tanki lipo la lita 1,000 juu ya mnara. Mama fua nilishamfikiria, ila nguo za kichanga ni za kila siku, haziwezi kusubiri Jumamosi.

Fundi Kinondoni
Mnara una urefu gani? Hilo ndilo swali lenyewe. Maji yanayoshuka mita 10 yanakupa presha ya baa 1, kwa hiyo mita 3 ni baa 0.3. Otomatiki nyingi huandikwa kwenye kitabu chake kiwango cha chini cha presha, na chini ya hapo inakaa inasubiri maji, inasubiri, mwisho inaandika kosa na kusimama. Nimeitwa nyumba nyingi kutengeneza mashine ambayo haina ubovu wowote. Ya matangi mawili haina shida hiyo, unaweza kuijaza hata kwa ndoo.

Mama Tabata
Kaka, naomba niandike kwa urefu, maana yaliyonipata sitaki yakupate.

Mwaka 2021 nilinunua ya mlango wa mbele, na maji yangu yalikuwa ya kisima kama yako. Miezi ya mwanzo nilifurahi kweli. Naweka nguo, naenda kupika, nikirudi zimekamuliwa. Kosa la kwanza likawa sabuni. Nimekulia kwenye beseni, na kwenye beseni mtu anaamini pasipo povu hakuna kufua. Maji ya chumvi hayatoi povu, basi nikawa nazidisha: vikombe viwili vya sabuni ya unga, ile ile ya mkono. Nguo zikawa zinatoka na utelezi, nyeusi zina michirizi myeupe mabegani. Nikadhani hazijatakata, nikaongeza tena.

La pili, nikimaliza nafunga mlango. Ule mpira wa mlangoni ukaota weusi kwenye mikunjo, mashine ikaanza kunuka kama dekio lililosahauliwa kwenye ndoo, na shuka zinatoka na harufu hiyo hiyo.

Halafu Jumapili moja umeme ukakatika katikati. Mlango umejifunga, sare za watoto wawili zimo ndani, zinaelea, naziona kwenye kioo na siwezi kuzitoa. Umeme ukarudi saa nane usiku. Asubuhi nilizipiga pasi zikiwa mbichi, mvuke unanipanda usoni, na bado watoto wakaenda shule na kola zenye unyevu. Nililia jikoni siku ile.

Fundi alipokuja alifungua kichujio cha chini, mimi nimekinga sahani. Zikatoka sarafu mbili za shilingi 200, kibanio cha nywele, soksi ya mtoto, vifungo, na fumba la nyuzi zilizolowa. Akachomoa hita. Imevaa chokaa nyeupe, ukiikwangua kwa kucha inabanduka kama ganda la yai. Hita mpya na ufundi vilinila 180,000. Baada ya mwaka nikaiuza. Sasa ninayo ya matangi mawili na sijaita fundi hata mara moja.

Msomi Mbeya
Pole sana dada, lakini hapo mashine inaonewa. Sabuni ilizidi, mlango ulifungwa, mifuko haikukaguliwa. Mimi ninayo ya mlango wa mbele mwaka wa nne. Natumia sabuni ya mashine isiyo na povu jingi, vijiko viwili vya chakula, mlango nauacha wazi, na kichujio nakifungua kila mwisho wa mwezi. Maji inatumia kama lita 50 kwa mzunguko mzima. Hiyo ya matangi mawili ukijaza, ukamwaga, ukasuuza mara mbili, umeshamaliza ndoo ngapi? Na lazima usimame hapo kuhamisha nguo. Mtu mwenye kichanga atasimama saa ngapi?

Mama Tabata
Makosa nimeyasema mwenyewe, kaka, sijayaficha. Lakini chumvi ya kisima sikuitia mimi. Mbeya maji yenu ni mengine. Na maji ya matangi mawili hayapotei: naanza na nyeupe, maji yale yale nafua za rangi, namalizia na jinzi na madekio. Ya kusuuzia nadekia uani.

Fundi Kinondoni
Wote mna hoja. Kwa maji magumu otomatiki inahitaji kusafishwa chokaa, unaizungusha tupu na siki kila baada ya muda. ILA NAOMBA SANA: siki na Jiki visikutane. Vikichanganyika vinatoa gesi ya klorini, inakamata kifua. Nimeingia bafu la mteja nikatoka nakohoa, machozi yananitoka. Na mwenye mtoto mchanga ndani ndiye wa kuwa makini zaidi.

Bint Pangani
Hata Jiki yenyewe watu wanaimimina moja kwa moja kwenye nguo kavu. Ndiyo maana mashati yanapata manjano na matundu. Changanya na maji kwanza.

Nikuulize Baba Nuru, nguo za ndani za mama mzazi anafua nani? Zisiingie pamoja na za mtoto.

Mkaazi wa Umoja
Hilo ni neno. Hata mama fua hapewi nguo za ndani. Mimi nililelewa hivyo, kila mtu anafua zake bafuni akioga.

Msomi Mbeya
Jamani, mwanamke ana wiki tatu tangu ajifungue. Kama alipasuliwa hata kuinama hawezi. Mume akimfulia mkewe nguo za ndani kuna ubaya gani? Mimi nilimfulia wangu watoto wetu wawili walipozaliwa, na sikupungukiwa kitu.

Bint Pangani
Sijasema mume asifue. Mume ni mwili mmoja na mkewe. Nimesema dada wa kazi asipewe, na zisichanganywe na za kichanga. Kwetu mama mzazi anakaa siku 40, na mama yake au shangazi ndiye anayefua. Leo tunaishi mbali na ndugu, ndiyo maana tunatafuta mashine.

Mama Tabata
Hapo umesema kweli kabisa. Mama yangu alikuja kwa wa kwanza. Wa pili nilikuwa peke yangu.

Baba Nuru, jambo jingine kabla sijasahau. Nguo za mtoto usizianike kivulini chini ya mwembe wala juu ya nyasi. Kuna inzi anataga mayai kwenye nguo mbichi, funza wake wanaingia kwenye ngozi na kutokeza vijipu. Anika kwenye kamba juani zikauke kabisa, halafu pasi ya moto, mpaka kwenye mishono na viuno. Mwanangu alitoka vijipu vitatu mgongoni.

Baba Nuru
Asanteni sana, nimesoma yote. Mke wangu hakupasuliwa, anaendelea vizuri. Nguo zake nafua mimi, na sioni shida.

Nimetoka kupima mnara sasa hivi na futi ya kushonea. Kutoka ardhini hadi kitako cha tanki ni mita mbili na nusu. Bomba la bafuni liko juu kidogo ya goti.

Fundi Kinondoni
Basi umebaki na mita mbili tu, baa 0.2. Otomatiki hapo itakusumbua, labda uweke pampu ndogo ya kuongeza presha. Hiyo ni gharama nyingine, na umeme mwingine. LUKU ya 10,000 inakupa uniti kama 28 ukiwa kwenye bei ya kawaida, kwa hiyo hesabu na hita inayochemsha maji.

Msomi Mbeya
Pampu anafunga mara moja tu. Kidole kinachubuka kila siku. Na kama ni umeme, anaweza kuchagua mzunguko wa maji baridi, hita haiwaki. Mimi bado nasema otomatiki.

Baba Nuru
Mwenye nyumba hataki tuguse mabomba yake, itabidi nimwombe. Naye amesafiri mpaka mwisho wa mwezi. Kesho kutwa napita tena Kariakoo niione ile ya matangi mawili ikizunguka na maji ndani, maana nilionyeshwa tupu.

Wakati nasubiri, nepi za kitambaa zimepata manjano ambayo hayatoki. Nimejaribu jua, nimejaribu sabuni ya mche. Jiki naogopa kwa ngozi ya mtoto.

Bint Pangani
Zisuuze kwa maji ya baridi mara tu anapochafua, usisubiri jioni. Halafu unazianika zikiwa bado na sabuni, jua la saa nne, ukizigeuza. Unatumia sabuni ya mche gani, ya bluu au nyeupe?