Naomba ushauri: nimeongeza kasi ya mazoezi, lakini pumzi inazidi kupungua

Mkaazi wa Chanika: Wakuu, habari za jioni. Nina umri wa miaka 41. Kwa miezi miwili sasa ninakimbia siku sita kwa wiki, kutoka Posta kupitia Daraja la Tanzanite hadi Coco Beach na kurudi, kwa nguvu zangu zote. Wiki za mwanzo nilijiona kijana; sasa miguu imekuwa mizito, uzito hausogei, na nikipanda ngazi hadi ghorofa ya pili moyo unadunda mpaka ninausikia masikioni. Je, niongeze mazoezi ya kupanda mlima kule Chuo Kikuu, au nibadilishe chakula?

Mama Tabata: Mwanangu, anza na chakula. Mimi niliacha sukari kwenye chai, nikaanza kutembea na majirani kila Jumamosi hadi Segerea, na magoti yaliyokuwa yakinisumbua yametulia. Tulianza kumi na wawili, tumebaki watano, lakini hatujakosa hata Jumamosi moja.

Mzee wa Kimara: Vijana mnakimbia ili mpigwe picha darajani. Mwili ni amana, na amana haichezewi.

Kocha wa Mtaa: Siku sita za kasi ya juu ni nyingi mno. Shirika la Afya Duniani linashauri dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, au 75 hadi 150 za mazoezi makali. Ukiweza kuzungumza lakini huwezi kuimba, hayo ni ya wastani. Ukishindwa kumaliza sentensi bila kuvuta pumzi, umeingia kwenye makali. Mapigo ya moyo wako hufika mangapi? Na unapata jumla ya saa ngapi za usingizi?

Mkaazi wa Chanika: Saa ya mkononi husoma 176. Usingizi ninapata kama kawaida.

Kocha wa Mtaa: Kikomo cha mapigo hukadiriwa kwa kutoa umri kwenye 220, kwa hiyo chako ni kama 179, nawe unakigusa kila siku. Kuhusu usingizi hujanijibu.

Karani Mstaafu: Wanajamvi, mimi nina mashaka. Kwenye uzi wake wa kuulizia viatu, ndugu huyu aliandika kwamba huanza kukimbia saa kumi na nusu alfajiri. Mtu anayeishi Chanika anafikaje Posta saa hiyo, siku sita mfululizo? Naona tunashauri hadithi ya kutunga.

Mkaazi wa Chanika: Sijatunga, mzee wangu. Ninafanya kazi ya usiku jikoni kwenye hoteli moja mjini. Zamu inaisha saa kumi alfajiri, ninabadilisha viatu na kuanza kukimbia. Nyumbani ninafika saa mbili, ninalala saa tatu hadi saa sita na nusu chini ya bati, na jua likishapanda shuka linalowa jasho. Kisha ninafungua kibanda chetu cha nafaka. Sikusema kwa sababu nilijua mtaniambia niache, na nimekwisha kulipia mbio za kilomita 21 za mwezi ujao. Wenzangu wote kazini wanajua.

Karani Mstaafu: Naomba radhi, ndugu yangu. Baba yetu alikuwa mlinzi wa usiku. Mchana mama alitundika kanga mbili dirishani, moja juu ya nyingine, na moja aliilowesha maji. Sisi watoto tulicheza nyumba ya tatu mpaka azana ya alasiri.

Kocha wa Mtaa: Hakuna aliyekuambia uache. Mtu mzima anahitaji angalau saa saba za usingizi, nawe unapata tatu na nusu. Mwili hujijenga unapopumzika baada ya mbio, na wewe hujaupa nafasi hiyo. Moyo unaodunda hivyo kwenye ngazi aupime daktari kabla hujakimbia tena. Akikuruhusu, weka siku mbili za kasi, siku ambazo huna zamu, na nyingine tembea.

Mkaazi wa Chanika: Nimezungumza na mama watoto, shemeji yangu atashika kibanda hadi saa kumi jioni, na kanga tutazitundika. Kesho nitakwenda kupima. Lakini mbio za mwezi ujao nimelipia, nitashiriki.

Mama Tabata: Majibu ya daktari kwanza, mwanangu. Yaandike hapa kabla hujafunga kamba za viatu.