Ukoo wa Mzee Kombo 🟠 HITMA + DRAFTI

*Jumatatu, 21 Aprili 2025*

*Rajabu amebadilisha jina la kikundi.*

Rajabu 19:02: Assalaam aleykum ukoo. Wiki ndiyo hii. Alhamisi saa mbili usiku drafti inaanza Green Bay, na Browns, timu yetu ya Cleveland, tunachagua wa pili. WA PILI. Wote kwangu, Alhamisi mpaka Jumamosi. Kila nyumba dola 40. Mbuzi nishamwona pale Lorain Avenue. Nijibuni leoleo.

Rajabu 19:40: Naona tiki za buluu tu

Rajabu 20:55: Tatu umesoma. Salma umesoma na uko chumba cha pili

Salma 20:57: Nijibu nini na mie ndiye mpishi

Mjomba Bakari 23:41: Waleykum salaam. Drafti ipi hiyo, ya vizibo? Hapa baraza la Ngamiani hakuna aliyenifunga tangu Ramadhani iishe. Tumeni nauli nije.

Zuberi 23:44: 😂😂😂 Njoo mjomba. Wapwa zako wa Cleveland kila mwaka wanaingia kingi wenyewe, hata kusukumwa hawasukumwi

*Jumanne, 22 Aprili*

Rajabu 06:30: Mjomba shikamoo. Hii ni ya mpira wa Kimarekani. Vijana wanaotoka vyuo vikuu wanagawanywa kwa timu, na iliyoshika mkia inachagua mwanzo. Sisi msimu uliopita tulishinda 3 tukafungwa 14.

Mjomba Bakari 06:52: Marahaba. Yaani anayefungwa sana ndiye anayepewa mali? Ingekuwa huku, Coastal wetu wangekuwa na Wabrazili watupu.

Rajabu 06:55: Ward anakwenda Tennessee, hilo halina mjadala. Anayebaki ni Sanders, mtoto wa Deion yule nyota wa zamani. Huyo ndiye kotabeki wetu, mrusha mpira. Nimeshamwona, ametulia, mpira unatua mkononi mwa mtu. Kila nyumba dola 40.

Idi 07:15: Baba tumchukue Hunter. Anashambulia na analinda, hatoki uwanjani. Sanders tutampata baadaye

Rajabu 07:21: Baadaye lini Idi? Kotabeki mzuri habaki sokoni. 2016 tulikuwa na chaguo la pili hilihili, tukaliuza kwa Philadelphia. Wakamchukua Wentz, msimu wake wa pili wakabeba kombe. 2017 tukauza la 12 kwa Houston, wakamchukua Watson. Halafu 2022 tukaenda kumnunua huyohuyo Watson kwa machaguo matatu ya raundi ya kwanza na dola milioni 230. Mtu kauza ndama, kaja kumnunua ng'ombe yuleyule kwa bei ya shamba. Na ng'ombe mgonjwa.

Zuberi 07:30: Sahihisho kaka. Kombe la Philadelphia alilibeba Foles, Wentz alikuwa anauguza goti

Zuberi 07:30: Na huyo ng'ombe kacheza mechi 19 kwa miaka mitatu

Zuberi 07:32: Couch, Quinn, Weeden, Manziel, Mayfield. Tangu 1999 makotabeki walioanza mechi pale kwenu wamefika 40. Si mnajua za mwizi ni ngapi

Mjomba Bakari 07:40: 😂 Za mwizi arobaini!

Rajabu 07:41: Weye wa Pittsburgh nyamaza. Mnamsubiri Rodgers wa miaka 41 apige simu, kama mchumba aliyeahidiwa posa

Zuberi 07:43: Nanyi si mmemrudisha Flacco wa miaka 40? Baba alimlaani misimu 11 alipokuwa Baltimore

Rajabu 07:44: Baba alimlaani Modell, mwenye timu, kwa kuihamishia Baltimore. Flacco alimlaani njiani tu.

Da Mwana 08:20: Nimetoka zamu ya usiku nakuta ujumbe chungu nzima wa mpira. Rajabu, Jumamosi ni hitma ya baba. Umeandika HITMA kwenye jina la kikundi, ndani hujaitaja hata mara moja. Huyo mbuzi ni wa hitma au wa televisheni?

Rajabu 08:22: Da Mwana shikamoo. Mbuzi mmoja, shughuli mbili. Hitma baada ya adhuhuri, siku ya tatu ya drafti inaanza saa sita mchana. Watu watakuwa wamekaa tayari.

Da Mwana 08:31: Marahaba. Watu watakuwa wamekaa tayari. Haya.

Da Mwana 08:33: Na kabla hujaomba 40, ile pesa ya jezi namba 4 ya Watson ya 2022? Nilisema sivai jezi ya mtu mwenye kesi zile, mkaniona mnoko. Akafungiwa mechi 11. Jezi yangu iko kwenye boksi, hata tepe haijabanduliwa.

Zuberi 08:35: Yangu nasugulia gari 🙈

Rajabu 08:36: Weye Zuberi usiongee habari ya jezi mpaka urudishe ubao

Salma 08:36: Rajabu

Rajabu 08:37: Acha niseme. Miaka miwili nimenyamaza. Mie nilikuwa na miaka 14. Ile siku ya mwisho pale uwanja wa zamani, kabla timu haijahamishwa, watu walikuja na misumeno ndani ya makoti. Baba hakuwa na msumeno, alikuwa na bisibisi ya melini. Aling'oa ubao wa benchi polepole, msumari mmoja mmoja, kama mtu anayefungua sanduku la mwenziwe. Yeye kashika mbele mie nyuma, kwenye theluji mpaka kituo cha basi. Dereva akautazama, akatazama uso wa baba, hakutudai nauli. Ule ubao ni wa Cleveland.

Zuberi 09:50: Nilipewa

Rajabu 09:51: Ulipewa uutunze! Hukupewa uupeleke PITTSBURGH

Da Mwana 09:52: Tusianze jamani. Naingia kulala.

Mjomba Bakari 10:30: Mie bado sijaelewa, nauli mnatuma au hamtumi

*Jumatano, 23 Aprili*

Rajabu 07:00: Waliolipa: Salma (mke wangu, hahesabiki), Tatu ameahidi. Wengine?

Rajabu 09:15: Wengine?

Nuru 12:10: Asalaam aleykum, ni mie Nuru wa Tanga. Bibi kanipa simu niandike, macho yake hayaoni vizuri. Anasema hivi:

Nuru 12:16: "Nimesomewa yote. Kombo aliondoka hapa na sanduku moja la bati, akafa hakuacha deni kwa mtu. Jumamosi anasomewa. Asomewe nyumbani kwake, si kwa Rajabu. Televisheni isiwashwe mpaka dua iishe na watu wawe wameshakula. Na huo ubao urudi pale alipouweka mwenyewe. Basi."

Da Mwana 13:02: Shikamoo shangazi. Tumesikia.

Salma 13:05: Shikamoo shangazi

Tatu 17:48: Shikamoo shangazi 🙏

Zuberi 21:15: Shikamoo shangazi.

*Alhamisi, 24 Aprili*

Rajabu 06:10: Shikamoo shangazi. Sawa. Jumamosi nyumbani kwa baba, Tatu safisha sebule. Lakini leo na kesho bado kwangu.

Rajabu 19:55: Tuko wanne. Mmoja ni paka

Rajabu 20:12: WAMEUZA

Rajabu 20:12: Wamelipa Jacksonville chaguo la pili!!! Hunter kaenda Jacksonville

Idi 20:14: Wamelipa = wameipa. Baba anatetemeka. Sisi tumeshuka mpaka la 5, tumepata la 36 kesho na la raundi ya kwanza la Jacksonville mwakani

Zuberi 20:15: Mwakani 😂 kila mwaka ni mwakani

Rajabu 20:40: Mason Graham. Mlinzi. Wa Michigan, mahasimu wetu! Ohio nzima inalia na nyie mnacheka

Rajabu 22:50: New York Giants wamepanda mpaka la 25 wamemchukua kotabeki Dart. Sanders bado amekaa. Naanza kuelewa. Wanajua atashuka, kesho asubuhi… namaanisha kesho usiku la 33 ni letu. Hii ni akili.

Salma 23:30: Jamani kesho msije, hana hali nzuri

*Ijumaa, 25 Aprili*

Rajabu 19:14: La 33: Schwesinger. Mlinzi mwingine. Sawa. Kuna la 36

Rajabu 19:35: Judkins, mkimbizaji. Sawa

Da Mwana 19:37: Huyo namjua, kijana wa Ohio State. Hapa Columbus madirishani walibandika jina lake. Nani ananunua mchele wa kesho?

Rajabu 22:30: La 94 wamechagua kotabeki

Rajabu 22:30: Siyo yeye

Idi 22:33: Dillon Gabriel, Oregon. Futi 5 inchi 11, anarusha kwa mkono wa kushoto

Mjomba Bakari 23:50: Wa kushoto ni hatari sana kwenye drafti. Nilifungwa na mmoja 1988.

Da Mwana 23:58: MCHELE

*Jumamosi, 26 Aprili*

Tatu 10:05: Samahani nilikuwa kazini, ndiyo naona. Mchele upo kilo 10 lakini sufuria kubwa sina. Mbuzi kalipiwa?

Rajabu 10:20: Nimelipa mie. Nani mwingine nimwandike?

Zuberi 10:45: Natoka sasa hivi, mwendo wa saa mbili hivi nafika

Rajabu 10:46: Na ubao?

Rajabu 11:30: Na ubao?

Rajabu 14:26: 144!!!!!!!!!

Rajabu 14:26: WAMEPANDA WAMEMCHUKUA SANDERS RAUNDI YA 5 ALLAHU AKBAR

Tatu 14:27: Kaka tuko kwenye dua. Simu ya Zuberi imelia, ya Idi imelia, yangu imelia. Sheikh amenyamaza anatutazama

Nuru 14:29: Bibi yuko hewani kwenye simu ya shangazi Da Mwana tangu mwanzo. Anauliza nani amefariki.

Da Mwana 14:58: Rajabu, kulikuwa na choo cha kujificha ukafurahi kimya. Mtu mwenye miaka 43.

Rajabu 15:10: Samahani shangazi. Samahanini wote. Mkono umeponyoka.

Nuru 15:16: Anasema amesikia. Anauliza huyo mliyempata ana miaka mingapi.

Rajabu 15:16: 23 shangazi

Nuru 15:21: Anasema ni mtoto, msimpigie kelele.

Zuberi 21:40: Nimefika salama. Kaka, hesabu zenu: Watson mgonjwa, Flacco, Pickett tuliyemwacha sisi, Gabriel, Sanders. Makotabeki watano na mbuzi mmoja

Zuberi 21:58: *[picha]*

Zuberi 21:59: Ndio huu. Uko gereji kwenye kitambaa, sijauweka nje hata siku moja. Msumari mmoja bado umekwama. Geuza picha, kwa nyuma kaandika kwa kalamu ya wino: 17/12/95, 26–10. Tulishinda siku ile kumbe. Mie nilidhani tulifungwa maana alirudi analia

Rajabu 22:03: Cincinnati. Tulishinda

Tatu 22:20: Mwandiko wake 😢 ile 7 yenye mkia

Rajabu 22:31: Kwa nini hukuja nao leo

Zuberi 22:50: Gari lilikuwa na watoto. Tutaona mwezi wa sita

Rajabu 22:51: Shangazi hakusema mwezi wa sita

*Jumapili, 27 Aprili*

Rajabu 08:00: Habari za asubuhi. Jezi za Sanders zikitoka nitaagiza za ukoo mzima kwa pamoja, ziwe rahisi. Nani yumo? Nawadai pia: Zuberi 40, Tatu 40, Da Mwana 40.

Rajabu 09:30: ?

Mjomba Bakari 10:12: Nauli bado sijaiona

Da Mwana 13:44: Ile sufuria kubwa niliyokuja nayo kutoka Columbus imebebwa na gari la nani?

Tatu 19:05: Kwani hukuondoka nayo?