Madereva na bodaboda wa Arusha, mzee akiwa kwenye zebra mnataka apae?

Wakuu, heshima kwenu. Leo sina salamu ndefu, mikono bado inatetemeka.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa hesabu, miaka 71, goti la kushoto linanisumbua. Jana Jumamosi nimetoka gulioni Tengeru, nikashuka kwenye kifodi, hizi daladala ndogo, pale Ngulelo na mfuko wa maparachichi na ndizi mshare. Nyumbani ni ng'ambo. Nikasimama kwenye zebra, au tuseme mabaki ya zebra, maana ile rangi imefutika mpaka uonyeshwe na mwenyeji. Kosta moja ikasimama, dereva akanipungia mkono: pita mzee. Nikashukuru, nikaingia. Nafika usawa wa bampa lake tu, bodaboda ikachomoka njia ya pili, imepiga mshikaki wa abiria, honi mfululizo. Kioo chake kikavuta mfuko wangu. Parachichi moja likabingirika likapondwa na Fuso nyuma yake, nami nimesimama naangalia ule ute wa kijani kwenye lami.

Yule kijana alisimama mbele kidogo, akageuka: "Shikamoo mzee, samahani." Kisha huyo, kaondoka. Marahaba ilinikwama kooni.

Sasa nisikilizeni. Tangu barabara ya Sakina hadi Tengeru iwe njia nne, gari linalosimama kwa wema ndilo linalonitia hofu kuliko linalokimbia. Linalokimbia naliona. Lililosimama linanificha, na mwenye haraka nyuma yake anadhani mwenzake anashusha abiria, anampita. Kulipita gari lililosimama kwenye kivuko ni kosa, kila mwenye leseni alifundishwa. Au leseni mlinunua?

Nimejipima kwa saa yangu. Upande mmoja wenye njia mbili ni kama mita 7. Mimi na goti langu natumia sekunde 9. Gari la spidi 50, ambayo ndiyo mwisho kwenye makazi ya watu, kwa sekunde 9 linakwenda mita 125. La spidi 80 linakwenda mita 200. Kwa hiyo gari ambalo nikiingia barabarani liko kule mbali, dogo kama kiberiti, linanikuta bado niko njiani. Na macho ya uzee hayakupi spidi, yanakuonyesha gari tu. Mnatutukana "babu unaingia bila kuangalia", kumbe tuliangalia, tena kulia kwanza kama tulivyowafundisha nyinyi darasa la kwanza.

Halafu hizo taa. Mwingine akiwasha full mara mbili anamaanisha pita, mwingine anamaanisha jaribu uone. Nitajuaje? Mimi siku hizi ukiniwashia taa sivuki ng'o, nangoja tairi lisimame na nione njia ya pili nako kweupe. Nikifika kwenye tuta la katikati napumzika, naanza upya kuangalia kushoto, kana kwamba ni barabara nyingine. Kweli ni nyingine. Makonda wananicheka, "babu kaza mwendo!" Wacheke.

Kinachoniuma ni kwamba taa hizohizo mnajua kuzitumia vizuri kuambiana tochi ya trafiki ya kupimia spidi iko wapi. Trafiki akiwa kichakani kilomita mbili mbele, wote mnakuwa wapole, spidi 50 safi kabisa. Ina maana mguu wa breki unafanya kazi. Basi ni faini tu inayowatisha, mzee hatishi.

Najua kuna watakaokuja hapa na ushauri wa kukaa nyumbani. Kliniki ya presha mtakwenda nyinyi kwa niaba yangu? Wengine mtasema nishikwe mkono na mjukuu. Mjukuu yuko shule, na asubuhi anavushwa na trafiki, jambo ambalo nalishukuru. Saa nne trafiki ameondoka, na sisi ndio tunatoka wakati huo.

Na kabla hujaandika "panda bajaji": nilishauliza. Bajaji inanichukua hapo nilipo, inakwenda kugeuza mbele, inarudi kunishusha ng'ambo ya palepale niliposimama. Nauli kamili. Pensheni yenyewe mnaijua.