Wakuu, lager ya pipani isiyosukumwa na gesi naipata wapi huku Ulaya?

Kibosho_Leeds

Habari zenu wakuu. Niko Leeds, Uingereza, na nina swali la wanywaji wenye uzoefu maana kwenye magrupu ya wabongo huku nikiuliza naambiwa nenda supamaketi kachukue kreti. Mimi ni mtu wa lager tangu nyumbani, Kili, Safari, ya baridi. Huku nimezizoea pia hizi ale zao zinazovutwa kwa mkono pale kaunta, nzuri tu, na kilichoniteka ni vile bia inakaa mdomoni bila gesi kukukwaruza koo, unasikia kimea, unasikia kama mkate mbichi hivi. Sasa nikawa najiuliza hivi hakuna lager inayotolewa kwa namna hiyo hiyo, kutoka kwenye pipa lake, bila mtungi wa gesi?

Juzi kwenye pabu moja ya mtaani nikaona bomba la mkono limeandikwa lager, nikaagiza kwa furaha, ikaja imelala kabisa, vuguvugu, na kwa mbali inanuka siki. Nikaishia nusu. Ndo nataka kujua tatizo ni aina yenyewe ya bia au ni ile pabu, na kama kuna zilizo nzuri nitazijuaje kabla sijatoa hela. Halafu Julai nina likizo, nafikiria Ujerumani, nitue Nürnberg au Munich? Naomba majibu ya mtu aliyekunywa mwenyewe.

Sela254

Boss karibu. Mimi ni Mkenya, nafanya kazi ya sela, yaani chumba cha chini cha kuhifadhia bia, kwa pabu huku kaskazini, kwa hivyo hii ni kazi yangu ya kila siku. Tatizo ni ile pabu, si bia.

Ukitaka kuelewa anza na pipa. Pipa la kawaida huku ni lile la galoni 9, kama lita 41. Linakuja likiwa na hamira hai ndani, tunalilaza kwa stendi huko chini sela ya nyuzi 11 hadi 13, tunatoboa pale juu na kuweka kijiti cha mbao laini ili gesi ya ziada itoke polepole, halafu tunaliacha litulie siku moja au mbili mpaka uchafu wote ushuke chini. Kwa wengi kinachosaidia huo uchafu kushuka ni dawa inayotengenezwa na mabondo ya samaki, yaani yale mabondo watu wa Mwanza na Kisumu wanayajua vizuri, basi ndio hayo hayo, japo siku hizi viwanda vingi vinaacha na kuuza bia yenye ukungu kidogo. Tukishaanza kuvuta, kila painti inayotoka hewa inaingia mahali pake. Hapo saa inaanza kuhesabu. Siku tatu, basi. Baada ya hapo inaanza kuchoka na hatimaye inakuwa siki, ndio ile harufu ulisikia.

Sasa ale yenye matunda matunda na uchungu mwingi inaweza kuficha uchovu wa siku moja. Lager haina mahali pa kujificha. Imekaa baridi wiki nyingi ili iwe safi, kwa hivyo doa dogo tu unalisikia. Na wateja wengi wa lager wanataka nyuzi 4, ukiwapa ya nyuzi 12 wanarudisha, pipa linauzwa polepole, linakaa siku tano, ndio unapewa wewe. Venye naona, lager ya pipani isiyouzwa haraka heri isiwekwe kabisa.

Kutafuta huku UK: ulizia bia inaitwa Schiehallion ya kiwanda cha Harviestoun, wako Alva huko Scotland, asilimia 4.8, hamira ya lager kabisa na miaka mingi wameitoa kwa pipa. Ukiipata ikiwa freshi utasahau ile ya juzi. Kitu kingine, matamasha ya CAMRA, hao watu wa kutetea bia ya pipani walioanza 1971. Lile lao kubwa miaka iliyopita lilikuwa likileta mapipa ya Wajerumani na Wacheki kwa sehemu ya bia za nje. Tamasha lolote utakalopata, nenda siku ya kwanza au ya pili, mapema. Na kwa pabu uliza swali moja tu: hili pipa limefunguliwa lini? Mhudumu anayejua kazi yake anakujibu bila kununa, na wengi watakuonjesha kidogo bure kabla hujalipa. Kama hajui, chukua kitu kingine.

Mto_Regnitz

Mkuu Kibosho shuka Nürnberg, usifikirie mara mbili. Naishi huku Franken, kaskazini mwa jimbo la Bavaria, mwaka wa kumi na kitu sasa na nakwambia kwa moyo wote, unachokitafuta ndo kwao.

Panda treni ya mkoa kwenda Bamberg, haifiki hata saa nzima au inazidi kidogo kutegemea imesimama wapi. Ukifika nenda Schlenkerla, ile nyumba ya mbao na chokaa mtaa wa Dominikanerstraße. Pale kuna pipa la mbao juu ya kaunta na koki ya shaba, bia inashuka kwa uzito wake yenyewe, hakuna mtungi wa gesi, hakuna pampu, mhudumu anafungua koki anajaza glasi anafunga basi. Bia yao kuu ni lager ya moshi, Märzen, asilimia 5.1, kimea kimekaushwa kwa moto wa kuni za mti wa beech kwa hiyo inanuka nyama iliyokaushwa kwa moshi. Glasi ya kwanza inashtua, usihukumu kwa hiyo. Ya pili ulimi umeshazoea moshi unaanza kusikia utamu wa kimea chini yake, na kwa sababu gesi ni ndogo hauna kinachokusumbua. Ile ile ya chupa ni nzuri lakini siyo hiyo, nimewahi kuziweka mbili pamoja na tofauti ilikuwa wazi hata kwa mgeni niliyekuwa naye asiyependa bia.

Kama moshi utakushinda vuka uende mtaa wa Wunderburg, Mahrs Bräu, uagize aU. Hiyo haina moshi, ina rangi ya kahawia nyepesi, na siri yake ni kwamba inapokomaa tangi haliwekewi kizibo cha kubana presha, gesi inaachwa ijiendee, kwa hiyo inafika kwako imelainika. Hiyo naona ndo bia ya kumjibu mtu aliyeuliza swali lako. Sema nusu lita, huku wanaiita Seidla, usiombe ndogo.

Na kitu cha kuelewa, alichoeleza Sela254 ni utaratibu wa Kiingereza, bia inamalizia kuchacha ndani ya pipa. Huku mara nyingi bia imeshamaliza kila kitu kiwandani, imelala kwenye baridi wiki kadhaa, ndo inajazwa kwenye pipa na pipa linatobolewa siku hiyo hiyo linaisha ndani ya masaa. Ni kama mbege mkuu, wewe wa Kibosho utanielewa, ya leo ni ya leo, hakuna mtu anayejisifu kwa ya juzi. Kwa hiyo huku huulizi pipa limefunguliwa lini, unatazama watu. Baa imejaa saa kumi na moja jioni, wazee wana meza zao, mapipa tupu yanabingirishwa nje, kaa hapo.

Kibosho_Leeds

Aisee asanteni sana, nimesoma yote mara mbili. Sela254 hilo la hewa kuingia kwenye pipa sikulijua na limeniweka sawa. Mto_Regnitz nimekuelewa. Ila Munich naiacha kweli? Nina ndugu pale wa kulala kwake. Na je ladha inatokana na mbao za pipa, kama ilivyo kwa wiski?

Binti_Tanga_MUC

Usiiache Munich kaka yangu, hao watu wa Franken wana wivu na sisi 😄

La mbao nalijibu mimi. Hapana. Yale mapipa ndani yanapakwa lami maalumu ya utomvu wa miti, inayeyushwa inazungushwa ndani mpaka mbao zote zinafunikwa, bia haigusi mbao kabisa. Kazi ya pipa la mbao hapa ni kutunza ubaridi na kutoa bia bila gesi ya kuongezwa. Kwa hiyo mtu akikwambia anasikia ladha ya mwaloni kwenye Helles, lager ya rangi nyepesi ya huku, muache tu.

Ukija nenda Augustiner-Keller, Arnulfstraße, kwa mguu kutoka stesheni kuu. Wao ndo kiwanda kikongwe cha mji huu, tangu 1328, na pale bustanini wanatoa lager yao ya Edelstoff kwenye mapipa ya mbao ya lita 200, pipa moja linaitwa Hirsch. Lita 200 zinaonekana nyingi lakini jioni ya joto chini ya ile miti ya chestnut hazikai. Hata kwenye Oktoberfest hema lao bado wanatoa kwenye mbao, wengine wengi wameshahamia matangi ya chuma. Mimi Oktoberfest siipendi kwa hili, kelele nyingi na bei kubwa, bia ya Augustiner ya kwenye mbao unaipata Julai ukiwa umekaa kwa raha.

Na hiyo miti haikupandwa kwa ajili ya picha. Mwaka 1553 mtawala wa Bavaria Albrecht V alikataza kupika bia kati ya tarehe 23 Aprili na 29 Septemba, joto lilikuwa linaharibu bia na moto wa viwandani ulikuwa unaunguza nyumba. Ikabidi wapike ya kutosha mwezi Machi, wachimbe mashimo marefu chini ya ardhi, wahifadhi humo na barafu ya msimu wa baridi, na juu wapande chestnut kwa ajili ya kivuli maana mizizi yake haiendi chini sana. Watu wakaanza kuja kunywa pale pale juu ya shimo. Wenye migahawa wakalalamika, mwaka 1812 mfalme Max Joseph akaruhusu wapika bia wauze bia pale juu ya maghala yao lakini chakula hapana, isipokuwa mkate. Ndo maana mpaka leo kwenye bustani za kienyeji unaruhusiwa kuja na chakula chako. Mimi nakwendaga na chapati na maharage ya nazi, natandika kitambaa mezani, hakuna anayeniuliza. Ila kaa sehemu ambayo meza hazina vitambaa, zenye vitambaa ni za kuagiza chakula chao.

mtaa_wa_pili

Samahanini naingilia, mnaposema pipa si ndo ile keg? Maana Kenya Senator Keg ipo kila mtaa, inatoka kwa pipa kwa bomba, bei poa. Sasa tofauti iko wapi?

Sela254

Swali zuri. Senator ni keg, na keg ni chuma iliyofungwa, gesi inasukuma bia itoke juu. Hewa haiingii, kwa hivyo inakaa siku nyingi bila kuharibika. Ndio maana ilifaa kwa baa ndogo tangu ilipoletwa 2004, na inatumia mtama wa wakulima wetu, mimi siwezi kuidharau hata kidogo. Hizi tunaongelea hapa hazina msukumo wa gesi, bia inashuka yenyewe ama inavutwa kwa mkono.

Ngazija_Praha

Niongeze ya Wacheki haraka. Pilsner ya kwanza ilipikwa mji wa Plzeň mwaka 1842 na Mjerumani kutoka Bavaria, Josef Groll, na ukienda kutembelea kiwanda cha Pilsner Urquell wanakushusha kwenye mahandaki ya chini, baridi ya kuvaa sweta, wanakufungulia koki ya pipa kubwa la mwaloni. Haijachujwa, haijachemshwa kuua hamira, ina ukungu na uchungu wake umekaa vizuri kuliko ile ya chupa ya kijani, kwangu mimi glasi hiyo peke yake inatosha kulipia nauli ya treni kutoka Prague. Ila mkikuta baa za Prague zimeandika tankovna mjue ile ni tangi, siyo pipa. Bia imo ndani ya mfuko na hewa inaubana mfuko kwa nje, haigusi bia. Nzuri sana, freshi, ila ina gesi yake ya kawaida.

Kibosho_Leeds

Basi nimeamua, nashukia Nürnberg, Bamberg siku mbili, kisha Munich kwa ndugu. Plzeň naiweka mwakani. Mto_Regnitz, nimeona watu wanataja Forchheim, inafaa?

Mto_Regnitz

Inafaa sana na iko njiani, treni ile ile ya Bamberg inasimama pale. Kuna msitu kwenye kilima juu ya mji, Kellerwald, una mashimo ya zamani ya kuhifadhia bia zaidi ya 20 na juu yake mabenchi. Mwishoni mwa Julai kuna Annafest, watu wanajaa huo msitu wote, kama unataka kuonja kwa utulivu epuka hizo siku, kama unataka kuona Wafranken wakicheka na wageni nenda. Wewe ukifika kwenye kila sehemu angalia kwanza pale wanapojazia glasi: ukiona pipa limelazwa na koki imepigwa kwa nyundo ya mbao umefika, ukiona bomba la chuma la kawaida songa mbele.

Angalia pia hali ya hewa. Sehemu nyingi za nje zinafungua siku ya jua tu, mvua ikinyesha hawatoboi pipa maana hawawezi kulimaliza. Wapigie simu asubuhi. Ikinyesha kweli kaa Bamberg, Schlenkerla ina paa na pipa linatobolewa kila siku.